Mvua ya Hawe

Masizi yakilowa maji yana harufu yake, nami haijanitoka puani mpaka leo. Juzi tulimzika shangazi yangu Sidi. Mvua ilinyesha tangu alfajiri mpaka watu walipotawanyika, na paa la jiko la nyuma, lile la makuti ambalo wanawe wamekataa kulibomoa, likavuja. Wajukuu wakawa wanakimbiza sufuria huku na huku, wakicheka. Mimi nilikaa kwenye kibao nikainusa ile harufu ya moshi wa zamani ulioloweshwa, nikajikunyata kana kwamba mimi ni mtoto tena na baba yangu yuko angani. Kijana mmoja akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, naogopa tu. Aliniangalia kwa huruma ile wanayoangaliwa nayo wazee walioanza kuchanganyikiwa, na sikumlaumu.

Tulikaa Changamwe, upande unaoteremkia kiwanja cha ndege, miaka ile vita vikubwa vimekwisha na askari wengi wamekwisha kurudishwa kwao. Baba alikuwa ameajiriwa pale wakati wa vita, kijana wa kubingirisha mapipa ya mafuta, na vita vilipokwisha akatoka na kazi moja aliyoijua vizuri, nayo ni kuwasha ndege ndogo kwa mkono. Ndege zile hazikuwa na ufunguo wa kuwashia. Mtu alisimama mbele yake, akalishika lile panga la mbao lililo puani, akalivuta chini kwa nguvu zake zote, kisha akaruka nyuma kabla halijamkata kichwa. Sasa palikuwa na Mzungu mmoja mwenye shamba la mkonge, sisi tukimwita Bwana Mkonge, aliyenunua ndege ya watu wawili, haina paa, mabawa yake ni vitambaa vilivyopakwa rangi. Huko alikokuwa akitua, kwenye viwanja vya majani, hapakuwa na mtu wa kumwashia wakati wa kurudi. Kwa hiyo alimpakia Baba kwenye kiti cha mbele, akaenda naye kila mahali. Baba alizaliwa Rabai, mwana wa mgema, na sasa alikuwa akipita juu ya minazi ya baba yake kwa kasi ambayo hakuna ndege wa manyoya angeiweza. Mtaani walimwita Baba Ndege, naye akalipenda jina hilo kuliko la ubatizo.

Mimi niliamini kwamba panga lile analizungusha yeye njia nzima. Nilimwona akilianzisha, nikaona halisimami, basi nikajua baba yangu yuko kule juu anahangaika nalo kwa mkono mpaka Malindi. Akirudi nilimsugua bega kwa mafuta ya nazi bila kuulizwa, naye akajiachia, akidhani nina mapenzi tu. Mtoto anayeamini hivyo hana raha hata siku moja, maana kila ndege inapoondoka yeye anawaza, je, akichoka?

Mama hakusema kuwa anaogopa. Mama alifagia. Mngurumo wa ndege ukipotea upande wa kaskazini, alichukua ufagio akaanza kwenye kizingiti, akafika mpaka kwenye mpapai, akarudi, na kama hali ya hewa haikuwa nzuri, alifagia uwanja ule ule mara ya pili. Alikuwa na sababu. Masika yaliyotangulia ndege nyingine ndogo iliingia kwenye mawingu upande wa vilima vya Shimba, na watu walioitafuta walirudi wamebeba kiatu kimoja. Baba mwenyewe alipoulizwa mawingu yakoje, alisema ukiwa chini ni kitu cha kupendeza, lakini ukiingia ndani yake ni kama mtu amekufunika blanketi kichwani na huku anakusukuma. Bwana Mkonge hakuwa na ujanja wa kwenda humo. Alifuata ufuo tu. Kwenda, bahari iwe mkono wa kulia, kurudi iwe wa kushoto, na ufuo ukifichika basi hana anachokijua.

Nyumba yetu ilikuwa na mtu mwingine aliyeshughulika na mbingu, naye ni Hawe, mama yake Baba. Hawe alikuwa akikaa benchi la mbele kanisani na akiimba sauti ya pili bila kitabu. Na alikuwa akifunga mvua. Alirithi jambo hilo kwa mama yake, na hakuona kwamba linagombana na ubatizo. Mwenye harusi au matanga ya kukusanya watu uwanjani wakati wa masika alipita mlango wa nyuma, akanong'ona, akaondoka. Walikuja Wakristo wenzetu, walikuja Waislamu wa Jomvu Kuu, na nimewahi kumwona hata mzee wa kanisa akija kwa ajili ya posa ya binti yake, kofia mkononi, macho chini. Hawe alikata ukindu mbichi, akaupiga mafundo akisema maneno ya kwao, akauning'iniza juu ya mafiga ili moshi uushike. Tangu hapo haogi, mpaka shughuli ipite na mafundo yafunguliwe. Padri alijua, tena alijua kwamba sikukuu ya mavuno mwaka mmoja ilisalia kavu kwa namna ya ajabu kidogo, akaona heri asiulize.

Basi ikaja harusi ya shangazi Sidi, kitinda mimba wa Hawe. Babu alikufa Sidi hajaota meno ya ukubwani, na Baba, kaka yake, ndiye aliyemlea. Aliapa kwamba siku ya harusi atamshika mkono yeye mwenyewe mpaka mbele ya madhabahu. Bwana harusi, Daudi, alikuwa fundi wa reli, na likizo yake ikaangukia katikati ya masika. Watu wa Mikindani, kwao Daudi, wakasema sawa, si nyinyi mna bingwa wenu? Hawe akakata ukindu.

Siku moja kabla ya harusi Bwana Mkonge akapeleka mtu kumwita Baba. Ana shauri la haraka Malindi, watalala huko, watarudi asubuhi.

"Kesho ni harusi ya dadako," Mama alisema.

"Na kesho watu hawajanywa uji nitakuwa hapa nimevaa koti. Malindi si Ulaya."

"Na mvua?"

"Mvua muulizeni mama. Si ameifunga?"

Akacheka, akambana Sidi shavu, akaenda zake. Mimi nilibaki na lile neno. Jioni nilimfuata Hawe jikoni, nikachuchumaa kando yake, nikautazama ule ukindu uliokuwa umeanza kupata weusi.

"Hawe."

"Nambie, mke mwenzangu." Ndivyo alivyonitania siku zote badala ya kuniita Kadzo.

"Ukiifunga, huwa inakwenda wapi?"

"Huenda kwa wasio na harusi," akasema, akapuliza moto.

Alikuwa anataniana nami tu. Lakini mimi niliondoka jikoni na neno hilo tumboni kama niliyemeza kokwa. Malindi hakukuwa na harusi yetu. Angani hakukuwa na harusi ya mtu yeyote.

Asubuhi iliamka safi. Changamwe nzima ilikuwa inang'aa, mikeka imetandikwa, sufuria za wali zimepandishwa kwenye mafiga ya nje, na akina mama wakipita karibu na Hawe walimgusa bega kidogo. Yeye alikaa kwenye kigoda chake hajaoga, amejitanda leso mpya juu ya uchafu wa siku mbili, anajivuna. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Kaskazini lakini, ng'ambo ya kisiwa, kulikuwa kumesimama kitu cheusi, kizito, kimetanda tangu baharini mpaka barani, na chini yake kulikuwa kumefifia kabisa. Mvua yote iliyokatazwa kwetu ilikuwa pale. Nilijua iko pale kwa sababu ya mafundo yaliyo jikoni, na baba yangu anazungusha panga lake ndani yake.

Uji ukanywewa, Baba hakuja. Watu wa Mikindani wakawasili kwa vigelegele, Baba hakuja. Mama akachukua ufagio. Uwanja ulikuwa umefagiliwa na wasichana watatu alfajiri, na sasa umejaa wageni, lakini alifagia, akawaomba watu wainue miguu. Ndipo akaja mlinzi wa kiwanja cha ndege, mtu mfupi aliyemjua Baba tangu vitani. Hakuingia. Alisimama kwenye kona ya nyumba akamwita Mama kwa kidole, nami nikajibanza nyuma ya pipa la maji.

"Wamepiga simu kutoka Malindi," alisema. "Wanauliza kama ndege imefika salama. Iliondoka kulipopambazuka."

"Na safari ni ya muda gani?"

"Hata kama wangekuja polepole, Mama Kadzo, saa hizi wangekuwa wamefika zamani."

Mama hakulia. Aliushika ule ufagio kwa mikono miwili akauliza kama mafuta ya ndege yanatosha kungoja huko juu. Kisha habari ikapita uwanjani, jinsi habari zinavyopita, bila mtu kuonekana ameisema. Vigelegele vikazimika. Mama yake Daudi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, akaja mlangoni mwa chumba alimokaa bibi harusi.

"Padri anangoja," alisema. "Mipango ya Mungu hatuijui. Bibi harusi atolewe na ami yake, mengine tutayajua baadaye."

"Nitatolewa na kaka yangu," Sidi akasema kutoka ndani.

"Na kama hakuja?"

"Sitoki."

Mama mkwe akaondoka akisema maneno ambayo sikupaswa kuyasikia. Wale waliokuwa wakimpamba Sidi wakatoka mmoja mmoja, kila mmoja na kisingizio chake. Nikaingia. Alikuwa amekaa kitandani na gauni lake jeupe, gauni zuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona, mikono imelala mapajani. Alikuwa msichana bado, sasa ndipo naona. Nikamwambia lile nililokuwa nalo tangu jana, kwa haraka, kabla sijazuiwa.

"Mvua ya Hawe imemwendea Baba. Hawe alisema inakwenda kwa wasio na harusi. Iko kule. Nimeiona."

Ningekuwa nimemwambia mtu mwingine yeyote siku ile, angenipiga kikofi au angenikumbatia, na yote mawili yana maana moja, nyamaza. Sidi hakunyamazisha mtu. Alisimama, akatoka mlango wa uani huku amekusanya gauni mkononi, nami nyuma yake. Tukaingia jikoni. Hawe alikuwa amekuja kujificha humo na wasiwasi wake, ameshika tama mbele ya moto. Sidi akapanda juu ya kinu, akanyoosha mkono, akaushusha ule ukindu.

"Sidi," Hawe alisema. "Hiyo ni siku yako. Ukifungua, umeifungulia mvua harusi yako mwenyewe."

"Kaka yuko huko, mama."

"Najua aliko. Ni mwanangu."

"Basi niambie nisifungue."

Ukindu ulikuwa umekauka na kukaza, vidole vya Sidi vikateleza kwa masizi, akaanza kuyafungua mafundo kwa meno. Nakumbuka sauti ya meno yake. Nakumbuka weusi ukimwingia midomoni, ukimtiririka kidevuni pamoja na mate, ukidondoka kwenye gauni, naye hafuti. Fundo la mwisho lilikataa. Hawe akainuka, akamshikia upande mmoja, wakavutana hivyo mama na mwana mpaka likaachia. Wakabaki wamesimama na kamba tupu katikati yao, wanahema.

Mvua haikuja pale pale. Nasema hivyo kwa sababu watoto wa siku hizi nikiwasimulia hutaka ije pale pale. Ilikawia kiasi cha watu kuanza tena kunung'unika juu ya padri. Kisha upepo ukageuka, ukaja na baridi, kuku wakakimbilia chini ya uchaga, na ule weusi wa kaskazini ukawa juu ya kisiwa, ukawa juu ya bandari, ukawa juu yetu. Sijaona tena mvua ya namna ile. Ilizima mafiga yote ya nje mara moja, ikabeba mikeka, ikaingia kwenye wali. Wageni wa Mikindani, na nguo zao za sikukuu, walibanana chini ya baraza huku matope yakiwarukia mpaka magotini. Daudi, maskini, alisimama barazani koti limemganda mwilini, anatabasamu kwa kila mtu kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa.

Jikoni makuti yakavuja, na ile harufu ikajaa. Mama yake Daudi akatukuta humo, Sidi na midomo yake myeusi, gauni limechafuka kifuani.

"Hii ni nini?" akauliza.

Hawe akasogea mbele ya binti yake. "Nimemkumbatia na mikono ya jikoni, mkwe wangu. Mama analia, anasahau."

"Na mvua? Tuliambiwa mvua imefungwa. Watu wangu wote wameaibika huko nje."

"Imenishinda," Hawe alisema. "Nimezeeka. Imenishinda."

Alisema kwa sauti ya kutosha kusikika barazani. Sidi akafungua kinywa, Hawe akamkanyaga mguu. Nililiona hilo, nilikuwa mfupi.

Kisha tukangoja. Sina namna ya kueleza kungoja kule ila kwamba hakuna aliyekaa karibu na Mama, wote walimwachia nafasi, kama wanavyomwachia mjane. Nilichukia ile nafasi, nikaenda nikaijaza, nikamshika gauni.

Mvua ilikuwa imepungua ikawa rasharasha tulipowasikia watoto wa barabarani wakipiga kelele. Lori la mawe lilisimama kwenye njia kuu. Mtu mmoja akashuka, akaja anachechemea katikati ya matope, hana shati, shati lenyewe kalifunga kichwani na lina damu. Mama aliachia ufagio. Hakukimbia, aliketi pale pale kwenye maji.

Baba alieleza akiwa amesimama, kwa pumzi za vipande vipande. Wingu liliwakuta wamepita Kilifi. Walishuka chini kabisa, wakifuata weupe wa mawimbi, kisha hata weupe ukapotea, na Bwana Mkonge akaanza kupiga kelele kwamba haoni kitu, haoni kitu. Walizunguka humo mpaka mafuta yakawa yanakwisha. Mara, upande wa Shanzu, mvua ikaondoka mbele yao kama pazia linalovutwa, wakaona mchanga. Bwana Mkonge akaishusha ndege pale ufuoni, magurudumu yakazama, ikapinduka miguu juu. Bwana Mkonge alivunjika mguu. Baba alining'inia kwenye mkanda wake kichwa chini mpaka wavuvi walipokuja kuukata.

"Mvua ingechelewa kuondoka kidogo tu," alisema, "tungekuwa tumekwisha."

Sidi alikuwa amefika mbele yake na gauni lile. "Shikamoo, kaka," akasema, akamshika mkono, akakataa kuuachia. Baba akamwangalia toka juu mpaka chini, akauangalia uwanja, wali unaelea, wageni wamelowa, na akageuka kwa mama yake. Hofu ilipomtoka ikageuka mzaha, ndivyo alivyoumbwa.

"Ndiyo nini hii, mama? Watu wote umewafungia, mwanao mwenyewe umeshindwa?"

"Nimezeeka, mwanangu," Hawe akasema.

Watu wakacheka, wakacheka kwa kufurahi kwamba wanaweza kucheka. Sidi alitolewa na kaka yake jua likielekea kutua, bwana harusi amelowa, kaka ana kitambaa cha damu kichwani, bibi harusi ana doa jeusi kifuani ambalo leso iliyotupwa juu yake haikuweza kulificha. Padri alisema hajawahi kufungisha ndoa yenye matope kiasi kile.

Nimekua, nimesoma, najua sasa kwamba wingu lililoondoka Shanzu ndilo lililofika Changamwe, na kwamba lingefika hata kama mafundo yangebaki mahali pake. Nilimwambia shangazi hivyo tukiwa watu wazima wote, nikajiona nimemletea zawadi. Akaniuliza, "Siku ile ulilijua hilo?" Nikasema sikulijua. "Hata mimi," akasema, akaendelea na kazi yake. Niliona haya kidogo.

Lakini baada ya harusi hakuna mtu aliyepita tena mlango wetu wa nyuma. Mwenye shughuli alikwenda kwa mzee mmoja wa Jomvu. Wanawake waliokuwa wakimgusa Hawe bega walianza kumsalimia kwa upole mwingi, na Baba, kila wingu lilipojitokeza, alisema kwa sauti ya uwanja mzima, "Mama, ulijaribu hili au nalo limekushinda?" Hawe akacheka naye. Mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia. Siku moja nilimfuata akiwa anapepeta mchele, nimefura.

"Hawe, mbona humwambii? Hukushindwa wewe."

"Babako ana mdomo. Nikimwambia, jioni watu wa Mikindani wanajua. Msichana aliyeifungulia mvua harusi yake mwenyewe, kule ukweni watamweka wapi?"

"Lakini wewe wanakucheka."

Alipuliza makapi, akautikisa ungo, akaokota chuya moja akaitupa.

"Na wacheke," alisema. "Mimi, mke mwenzangu, naolewa na nani sasa?"